Asiye na Wakili Asinyimwe Katiba

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi wake wa tarehe 12 Julai 2024 katika kesi ya Gichuki Mwangi, kauli moja imekuwa ikirudiwa na mawakili, waendesha mashtaka, wachambuzi wa redioni, na hata wazee wanaojadili kesi za watu sokoni Uriri. Wanasema mfungwa ambaye hakuitaja Katiba mbele ya hakimu, wala mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, hana ruhusa ya kuitaja katika rufaa ya pili. Alinyamaza wakati wake, basi anyamaze. Wanaosema hivyo wanaamini wanalinda utaratibu. Mimi nasema kauli hiyo ikielekezwa kwa mtu aliyejitetea mwenyewe tangu siku ya kwanza, bila wakili, ni dhuluma, na Katiba ya 2010 haiiungi mkono.

Tuiangalie kesi yenyewe kwanza, maana wengi wanaoitaja wameisikia tu. Mshtakiwa alipatikana na hatia ya kumnajisi mtoto, akafungwa miaka 20 chini ya sehemu ya 8(3) ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Sehemu hiyo inasema kwamba ikiwa mtoto aliyenajisiwa ana umri wa kati ya miaka 12 na 15, kifungo kisipungue miaka 20. Mahakama Kuu iliidhinisha adhabu hiyo. Mahakama ya Rufaa kule Nyeri, mnamo Oktoba 2022, ikasema kwamba kiwango cha chini kinachomfunga hakimu mikono hakipatani na Katiba, ikapunguza kifungo hadi miaka 15. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hakuridhika, akapanda hadi Mahakama ya Juu, na huko miaka 20 ikarudishwa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba swali la uhalali wa sehemu hiyo halikuwa limezaliwa katika Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufaa ililiokota njiani, kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuliamua. Aprili 2025, katika kesi ya Manyeso iliyotoka Malindi, mambo yakawa yale yale: kifungo cha maisha kilichokuwa kimegeuzwa kuwa miaka 40 kikarudishwa kuwa cha maisha.

Sababu za Mahakama ya Juu si za kudharauliwa. Sheria iliyopitishwa na Bunge haifai kufutwa bila Mwanasheria Mkuu kuitwa na kusikilizwa. Tena ni kweli kwamba uamuzi wa Muruatetu, uliotolewa tarehe 14 Desemba 2017, uliosema hukumu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba, ulihusu kosa la mauaji peke yake, na mahakama nyingi ziliuchukua zikautandaza juu ya wizi wa mabavu, unajisi na makosa mengine. Ndiyo maana tarehe 6 Julai 2021 majaji wa Mahakama ya Juu walitoa maelekezo: anayetaka kupinga adhabu ya wizi wa mabavu au ya makosa ya ngono apeleke shauri lake Mahakama Kuu, lijadiliwe huko kikamilifu, kisha ndipo lipande ngazi. Kwa mtu mwenye wakili, huo ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba umetungwa kana kwamba kila mtu anaye.

Mchukue kijana wa Uriri. Huyu ni wa kubuni, lakini ni wa aina tunayoijua wote. Ana miaka 19, anabeba abiria kwa boda boda kati ya Uriri na Rapogi, na miwa inapokuwa tayari anaenda kukata kwa ajili ya kiwanda cha Awendo. Anashtakiwa kumnajisi msichana wa miaka 15. Anapelekwa mahakama ya Migori, anasomewa shtaka kwa Kiswahili huku mkalimani akimfasiria kwa Dholuo. Dhamana inamshinda, anakaa rumande. Siku ya ushahidi anaambiwa amuulize shahidi maswali. Anasema, "Huyu anasema uongo." Anaelezwa kwamba hilo si swali. Anafikiri kidogo, kisha anasema hana swali, na maneno hayo mawili, "hana swali", yanaandikwa na kubaki kwenye faili maisha yake yote. Hukumu inasomwa kwa Kiingereza.

Kama angeshtakiwa kuua, serikali ingemlipia wakili. Kwa kosa la unajisi, ambalo chini ya sehemu ya 8(2) adhabu yake ni kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 au chini, wakili wa kulipiwa na serikali mbele ya hakimu ni nadra. Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba kinasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya taifa ikiwa bila hivyo haki itapotoka kwa kiasi kikubwa, na aarifiwe haki hiyo mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ikapitishwa mwaka 2016 ili ahadi hiyo itimizwe. Na bado huyu kijana amesimama peke yake kizimbani, mwendesha mashtaka msomi upande mmoja na yeye upande wa pili. Huyo ndiye tunayesema alipaswa kumkatiza hakimu na kumweleza kwamba sehemu ya 8(3) inagongana na haki ya kusikilizwa kikamilifu iliyolindwa na Vifungu vya 25 na 50.

Halafu inakuja rufaa. Ana siku 14. Mara nyingi anayeiandika ni mfungwa mwenzake aliyeizoea kazi hiyo. Anayejua jinsi karatasi hizi zinavyokuwa ataitambua: foliskepu yenye mistari, kalamu ya bluu, nambari ya mfungwa juu, alama ya dole gumba chini, muhuri wa gereza pembeni. Sababu za rufaa ni nne au tano na karibu zinafanana kutoka jela moja hadi nyingine. Hakimu alikosea kisheria na kwa ukweli wa mambo kwa kuamini ushahidi unaokinzana. Umri wa mtoto haukuthibitishwa. Utetezi wangu haukutiliwa maanani. Na mwisho kabisa: adhabu niliyopewa ni kali kupita kiasi, na hakimu hakuangalia hali yangu.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wale wanaosema mfungwa huyo alinyamaza. Hakunyamaza. Mtu asiye mwanasheria akiandika kwamba hakimu hakuangalia hali yake, kwamba aliambiwa sheria imeshapanga na maombi yake ya kuonewa huruma hayana mahali pa kwenda, amekwisha kuleta malalamiko yale yale yaliyoshinda katika kesi ya Muruatetu. Huko Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumhukumu mtu bila kumwachia jaji nafasi ya kupima maombi yake ni kumnyima kesi ya haki. Tofauti ni kwamba katika kesi ya Muruatetu hoja ililetwa na mawakili, na mashirika kama Katiba Institute na Death Penalty Project yalikuwepo kuichangia. Kiini ni kile kile. Kilichopungua kwenye foliskepu ni namba za vifungu.

Na Katiba yenyewe ilijua kwamba watu wa namna hii watakuja. Kifungu cha 22(3) kinaagiza kwamba taratibu katika mashauri ya haki za kimsingi ziwe chache iwezekanavyo, kwamba mahakama ikibidi ianze kusikiliza shauri kwa hati isiyo rasmi, na kwamba isibanwe na ufundi wa kiutaratibu kupita kiasi. Kanuni alizotunga Jaji Mkuu Willy Mutunga mwaka 2013 zinakubali hata ombi la mdomo au barua. Kifungu cha 159(2)(d) kinarudia agizo hilo kwa mahakama zote. Najua jibu linalotolewa: mamlaka ya mahakama si ufundi wa kiutaratibu, ni msingi. Nakubali. Lakini swali la kama hoja fulani ililetwa au haikuletwa mbele ya Mahakama Kuu si swali la mamlaka peke yake. Kabla ya kulijibu lazima kwanza uisome ile karatasi na uamue inasema nini. Na namna ya kuisoma karatasi ya mtu asiye na wakili imeshaelezwa na Katiba.

Tazama jinsi mlango unavyofungwa pande zote mbili. Kijana wetu akifika Mahakama ya Rufaa Kisumu, akisema adhabu ni kali, anaoneshwa sehemu ya 361 ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai: rufaa ya pili ni ya masuala ya sheria tu, na ukali wa adhabu ni suala la ukweli wa mambo, hausikilizwi hapo. Vema, anasema, basi sheria yenyewe iliyoweka adhabu ndiyo yenye kasoro. Hilo ni suala la sheria, safi kabisa. Hapo anaambiwa hakulisema Migori. Kwa hiyo akilalamika kama mfungwa anakosea, na akilalamika kama mwanasheria amechelewa.

Wapo wanaosema bado ana njia, kwamba baada ya rufaa zote anaweza kurudi Mahakama Kuu na shauri jipya la kikatiba. Kwenye karatasi njia hiyo ipo. Katika uhalisia, akirudi Migori au Homa Bay na shauri hilo, jibu analotarajia kukutana nalo ni kwamba Mahakama Kuu imeshamaliza kazi yake katika kesi hiyo, na kwamba haiwezi kukaa juu ya uamuzi wa mahakama iliyo juu yake. Amepelekwa huku, amerudishwa kule, na hakuna mahali hata pamoja ambapo swali lake limejibiwa kwa ndiyo au hapana.

Kuna jambo jingine linalonitia uchungu zaidi, nalo ni kwamba mtu huyu anaadhibiwa kwa kutojua kitu ambacho majaji wenyewe walikuwa wakikigeuza. Julai 2010, Mahakama ya Rufaa Mombasa iliamua katika kesi ya Mutiso kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Oktoba 2013, majaji watano wa Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa, katika kesi ya Mwaura, wakasema sivyo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikasema ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa Kisumu, katika kesi ya Kilwake, ikaipeleka hoja hiyo kwenye makosa ya ngono. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba Muruatetu haikufika huko. Mei 2022 Jaji George Odunga wa Machakos akatoa uamuzi wake dhidi ya adhabu za chini zisizobadilika, Oktoba ikaja Nyeri, na Julai 2024 ikaja Mahakama ya Juu tena. Mtu aliyehukumiwa Migori mwaka 2014 na kupoteza rufaa ya kwanza mwaka 2016 angeitaja vipi hoja ambayo wakati huo uamuzi mkubwa zaidi uliokuwepo ulikuwa unaikataa? Wakili mzoefu angeiacha. Sasa tunamwambia mfungwa kwamba angeiona kabla ya majaji.

Jirani zetu wa Uganda wana jibu ambalo lingetufaa. Kifungu cha 137(5) cha Katiba yao ya 1995 kinasema kwamba swali la tafsiri ya Katiba likizuka katika kesi yoyote mbele ya mahakama yoyote ya sheria, isipokuwa mahakama ya kijeshi ya vitani, mahakama inaweza kulipeleka kwenye Mahakama ya Kikatiba, na mhusika akiomba, ni lazima ilipeleke. Kesi haifi. Inasubiri jibu, kisha inaendelea. Sisi wenyewe tulikuwa na kitu cha namna hiyo. Katiba yetu ya zamani, ile tuliyoilaumu kwa mengi, ilisema katika kifungu cha 84(3) kwamba swali la haki za msingi likizuka mbele ya hakimu, na mhusika akiomba, lipelekwe Mahakama Kuu isipokuwa kama ni la upuuzi. Katiba ya 2010 haikukirudia kifungu hicho waziwazi, lakini haikukikataza pia. Na Kanuni za Mahakama ya Rufaa tayari zinairuhusu kurudisha shauri katika mahakama iliyotoka, pamoja na maelekezo. Kwa hiyo majaji wa Kisumu wakiona swali la kikatiba ambalo halikujadiliwa Migori, hawalazimiki kuchagua kati ya kuliamua wenyewe bila mamlaka na kulitupa. Wanaweza kulirudisha Migori, waagize Mwanasheria Mkuu apewe hati, waagize mfungwa apewe wakili, na waipange rufaa isubiri. Kila hofu ya Mahakama ya Juu imetatuliwa hapo: sheria haifutwi gizani, Bunge linatetewa, na swali linapanda ngazi kutoka chini.

Nisieleweke kana kwamba nasema watu wajitetee wenyewe katika maswali mazito. Nasema kinyume chake. Mwaka 1962 mfungwa wa Florida, Clarence Earl Gideon, aliiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani ombi kwa penseli, kwenye karatasi za jela. Mahakama ilipoona uzito wa swali lake ilimteulia wakili, Abe Fortas, mmoja wa mawakili mashuhuri wa Washington, na Machi 1963 Gideon akashinda. Swali lilipokuwa zito, mahakama ilimpa mwulizaji mtu wa kumsemea. Hapa kwetu uzito wa swali umekuwa sababu ya kumnyang'anya.

Sasa nijibu jambo ambalo watu wa hapa wananiambia kwa hasira, nami hasira yao naielewa. Wananiambia: na yule msichana? Mama aliyemfikisha mtoto wake hospitali usiku, akaandikisha ripoti polisi, akahudhuria kesi Migori mara baada ya mara akiacha mboga zake sokoni bila muuzaji, akastahimili maneno ya jamaa wa mshtakiwa waliotaka mambo yamalizwe nyumbani kwa ng'ombe wawili, huyo haki yake iko wapi kama kesi haiishi? Unajisi katika kaunti hizi za Migori na Homa Bay ni janga, na Sheria ya 2006, iliyoletwa bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, ilikuja kwa sababu mahakimu walikuwa wakitoa vifungo vya kudhihaki. Sitaki turudi huko. Inawezekana kabisa kwamba swali likisikilizwa ipasavyo, jibu litakuwa kwamba miaka 20 ni halali na inabaki. Nitalikubali.

Lakini mfungwa ambaye swali lake limerudishwa Mahakama Kuu hatoki jela. Anabaki ndani, hatia yake haijaguswa, na kinachojadiliwa ni urefu wa kifungo. Kinachomsumbua mama yule ni hali tuliyo nayo sasa: kifungo kinapunguzwa Nyeri, kinarudishwa Nairobi, kinageuzwa Malindi, kinarudishwa tena Nairobi, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikiliza swali kuanzia chini kwa njia inayostahili. Jibu moja lililotolewa baada ya pande zote kusikilizwa, upande wa waathiriwa ukiwemo kama Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inavyotaka, lingempa utulivu kuliko ushindi wa kiutaratibu unaoliacha swali wazi. Maana Mahakama ya Juu haikusema kwamba swali limekwisha. Ilisema adhabu hizo zinabaki halali mpaka zipingwe kwa njia sahihi. Zitapingwa. Suala ni nani ataweza kuzipinga.

Na kuna kesi ambazo zinahitaji jibu hilo kwa dharura. Mwaka 2019, katika kesi ya Waweru Wambui, majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema wazi kwamba taifa lijadili umri wa ridhaa na vifungo virefu wanavyopata vijana waliokuwa wapenzi wa wasichana wanaokaribia utu uzima. Majaji waliona kitu kilichowasumbua dhamiri. Kijana wa Uriri wa miaka 19 na mzee wa miaka 50 aliyemvizia mtoto wa jirani wanapata kiwango kile kile cha chini, na hakimu anayewatazama wote wawili usoni haruhusiwi kuonesha kwamba ameona tofauti. Labda Katiba inaruhusu hivyo, labda hairuhusu. Ninachokataa ni kwamba jibu litegemee kama baba ya kijana alikuwa na shamba la kuuza ili amlipe wakili.

Hofu ya mwisho ni ya mafuriko: kwamba kila mfungwa ataandika neno Katiba kwenye foliskepu na mahakama zitazama. Baada ya Muruatetu, Mahakama Kuu kote nchini, Migori na Homa Bay zikiwemo, zilipokea maombi mengi ya kuhukumiwa upya, na zikayashughulikia. Maombi yalikuwa mengi kwa sababu swali lilijibiwa nusu, kila mtu akajaribu bahati yake kwenye nusu iliyobaki. Swali la uhalali wa sehemu ya 8(3) ni moja. Likirudishwa mara moja kutoka Kisumu, likasikilizwa, likapanda hadi Nairobi, maombi mengine yote yenye swali hilo yatangoja jibu hilo na kulifuata.

Kinachohitajika ni kanuni fupi. Rufaa ya jinai ya mtu asiye na wakili isomwe kwa kiini chake, na malalamiko kuhusu adhabu iliyowekwa na sheria yahesabiwe kuwa yamegusa uhalali wa sheria hiyo. Jaji wa Mahakama Kuu anayeona swali hilo katika rufaa ya kwanza amwarifu mkata rufaa, aagize apewe wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na Mwanasheria Mkuu aitwe. Swali likigunduliwa Kisumu, lirudishwe, lisitupwe. Kifungu cha 22(3) kinampa Jaji Mkuu mamlaka ya kutunga kanuni za mashauri ya haki za kimsingi, na Kifungu cha 22(4) kinaongeza kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kusikilizwa. Kanuni za 2013 zilitungwa kwa mamlaka hayo hayo bila kungoja mswada wowote bungeni, na zinaweza kuongezewa aya hizi mwaka huu.